Kutoka swali hadi mezani kwa waziri: namna ya kuandaa ripoti ya ushauri ya akademia ya sayansi

Akademia ya sayansi haina askari, haigawi fedha za serikali, wala haitungi sheria. Neno lake linabebwa na imani: watu wakiamini kwamba waliosema wanajua, na kwamba hakuna aliyewalipa waseme hivyo, ripoti inasomwa. Wakishuku, kurasa 200 zinaishia kabatini. Hatua tunazoeleza hapa zinachosha, na sekretarieti ikibanwa na muda hutamani kuzikata. Karibu kila moja inalinda imani hiyo mahali ambapo huvuja kwa urahisi.

Mwongozo huu ni wa sekretarieti, wanakamati wapya, na maofisa wa wizara au wilaya za Uganda wanaotaka kupeleka swali lao akademia na kujua nini kitalipata.

Kwanza, jua umebisha hodi mlango upi

Watu wengi huchanganya taasisi mbili. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia liliundwa kwa sheria ya mwaka 1990 na ni chombo cha serikali. Mtafiti anayetaka kukusanya sampuli za damu Mbale hupeleka andiko lake kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kisha husajili utafiti huo kwenye Baraza. Akademia haitoi kibali chochote. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Uganda ilianzishwa mwaka 2000, ikapewa hati na Rais mwaka 2009, na wanachama wake huchaguliwa na wanasayansi wenzao kwa kazi waliyoifanya. Mtu huiendea akiwa na swali la namna hii: tafiti zipo nyingi na nyingine zinapingana; zikiwekwa pamoja zinasema nini, na tufanyeje?

Mtindo wa kuuliza na kujibu una historia inayofaa kujulikana, kwa sababu masharti ya leo yametokana nayo. London mwaka 1660 wanasayansi walianzisha chama chao na kukiendesha kwa ada zao wenyewe. Paris mwaka 1666 mfalme aliwaita wanasayansi na kuwalipa posho. Tangu hapo kila akademia imelazimika kuamua ikae karibu kiasi gani na serikali. Marekani ilipata njia ya katikati mwaka 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe: idara yoyote ya serikali ikiuliza, akademia itachunguza na kutoa taarifa, gharama halisi zitalipwa, lakini huduma yenyewe haitalipiwa hata senti. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa kamati ya dira, kwa kuwa chuma cha meli mpya za kivita kilikuwa kinaipotosha sindano ya dira. Likumbuke swali hilo la dira, tutalirudia.

Afrika, Madagaska ilikuwa na akademia tangu 1902, Ghana ikaanzisha yake 1959, Nigeria 1977, Kenya 1983. Mtandao wa akademia za Afrika uliundwa Nairobi mwaka 2001. Kuanzia 2004, mradi wa miaka kumi uliogharimiwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates uliziunganisha akademia za Afrika na ile ya Marekani katika kazi hii hasa ya kushauri serikali, na Uganda ilikuwa mmoja wa washirika watatu wa kwanza, pamoja na Nigeria na Afrika Kusini.

Swali

Nusu ya ripoti zinazoharibika huwa zimeharibika hapa, kabla kamati haijateuliwa. Ofisa huja na swali kama hili: "Tufanye nini kuhusu usugu wa dawa?", yaani vijidudu ambavyo dawa haiviui tena. Hilo halijibiki. Kamati italizunguka miezi kumi na kutoka na ushauri kwamba elimu itolewe kwa umma.

Kaeni naye mlipasue. Usugu wa nani, bakteria au vimelea vya malaria? Wapi, hospitali ya rufaa au kituo cha afya cha ngazi ya tatu? Nani atachukua hatua? Baada ya vikao viwili au vitatu swali hufanana na hili: "Katika vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne, ni bakteria gani wanaosababisha maambukizi ya mkojo na ya damu, ni antibaiotiki zipi za chaguo la kwanza bado zinawaua, na ni hatua zipi zilizo ndani ya uwezo wa Wizara ya Afya na Mamlaka ya Taifa ya Dawa zinazoweza kupunguza matumizi yasiyo ya lazima?" Sasa swali lina mipaka. Ndiyo maana ya mfano wa dira: hakuna aliyeuliza "tuifanyeje bahari?" Waliuliza sindano irekebishwe vipi ndani ya meli ya chuma.

Lipimeni tena swali kwa kuangalia ni sehemu gani ya jibu itatoka kwenye ushahidi na ni ipi ni uamuzi wa jamii. Kwenye mazao yaliyobadilishwa jeni Uganda imeonja ugumu huu. Bunge lilipitisha muswada wa usalama wa bayoteknolojia mwaka 2017, Rais akaurudisha; ukapitishwa upya mwaka 2018 kwa jina lingine, ukarudishwa tena. Ndani ya ubishi ule kulikuwa na maswali ya maabara, kama chavua kusafiri kutoka shamba hadi shamba, na maswali ambayo maabara haiwezi kuyajibu: nani amiliki mbegu, nani alipe hasara ikitokea. Kamati ijibu ya kwanza kwa ushahidi, na ya pili iyaeleze wazi kama machaguo, pamoja na faida na hasara za kila upande. Ikiyachanganya, anayechukia uamuzi ataikataa na sayansi yake.

Mkikubaliana, andikeni hadidu za rejea, yaani hati inayotaja swali, mipaka na masharti ya kazi. Ukurasa mmoja unatosha, maneno 250 hadi 400. Mfadhili, yaani anayelipia kazi hii, atie saini, na hati iwe na kifungu kisemacho kwamba hataiona rasimu, hatabadilisha maneno, wala hawezi kuzuia ripoti isitoke. Anaweza kupewa nakala siku mbili tatu kabla ya uzinduzi, ili ajiandae kujibu waandishi wa habari. Mfadhili akikataa kifungu hiki, kataeni fedha. Tunalisema hili tukijua vizuri jinsi fedha zilivyo adimu.

Kamati

Andikeni fani kabla ya kuandika majina. Majina yakitangulia, mnajikuta na wakubwa watano wa fani moja. Kwa swali letu tungeanza na mtaalamu wa maabara ya bakteria, daktari wa watoto, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, mfamasia, daktari wa mifugo (kuku nao hupewa antibaiotiki, tena nyingi), mchumi wa afya, mtaalamu wa mienendo ya jamii, mwanasheria, na mtabibu au muuguzi anayeendesha kituo cha afya mbali na Kampala. Huyo wa mwisho husahauliwa kila mara, naye ndiye anayejua kwamba kipimo cha kuotesha mkojo hakifanyiki kwake kwa sababu hakuna maabara ya kukifanya. Tisa hadi 13 ni idadi nzuri. Wakizidi 15 wanageuka mkutano wa hadhara.

Uganda ina tatizo la udogo wa jumuiya yake ya kisayansi. Mwenyekiti alimfundisha mjumbe wa nne, ambaye naye alisimamia tasnifu ya mjumbe wa tisa. Profesa akishasema, mezani kunakuwa kimya, na kimya hicho huandikwa kwenye kumbukumbu kama makubaliano. Dawa yake ni ya kiutaratibu. Leteni wajumbe kutoka Gulu na Mbarara, na mmoja au wawili kutoka Kenya, Tanzania au Rwanda, watu wasiodaiwa heshima ya mwalimu wao. Kabla ya kujadili hoja nzito, kila mjumbe aandike maoni yake kwenye karatasi, nusu ukurasa, na sekretarieti iyakusanye. Kisha mdogo kwa umri aanze kusema, mwenyekiti amalizie. Mwenyekiti mwenyewe si lazima awe bingwa wa mada; afadhali mtu mvumilivu anayeweza kumwambia mzee, kwa adabu, kwamba dakika zake zimekwisha.

Halafu tenganisheni mgongano wa maslahi na msimamo. Mwenye hisa katika kampuni ya dawa, au ambaye mke wake ana duka la jumla la dawa, ana mgongano: hawezi kukaa kwenye kamati hii, hata awe mwadilifu namna gani, kwa kuwa msomaji hana njia ya kuupima uadilifu wake. Aliyeandika gazetini kwamba maduka ya dawa yafungwe ana msimamo: anaweza kukaa, mradi mwenye mawazo ya kinyume naye awepo. Fomu ya kujieleza iulize miaka mitano iliyopita: hisa, ruzuku za utafiti, kazi za ushauri, ardhi au biashara inayoguswa na mada, maslahi ya mwenzi wa ndoa, na matamko ya hadharani. Katika kikao cha kwanza, milango ikiwa imefungwa, kila mtu asimame na kueleza yaliyomo kwenye fomu yake mbele ya wenzake. Wengi hukumbuka jambo walilolisahau wanapomsikia jirani anaeleza lake.

Kabla ya kikao hicho, tangazeni majina na wasifu mfupi, mpokee maoni ya umma kwa siku 20. Sheria ya Marekani inazilazimisha akademia zao kufanya hivyo tangu 1997, na sababu inaeleweka Kampala pia: pingamizi likija leo, unabadilisha mjumbe mmoja, likija siku ya uzinduzi, unapoteza ripoti nzima.

Vikao na posho

Vikao vinne au vitano vya siku mbili mbili vinatosha. Siku ya kwanza asubuhi ni ya wazi: mfadhili anaeleza anachotaka kujua, wataalamu na wananchi wanatoa ushahidi, waandishi wa habari wanakaribishwa. Mchana na siku ya pili ni ya wajumbe peke yao. Mfadhili aondoke kweli, pamoja na chakula cha mchana, kwa maana mazungumzo ya sahani ya matoke hayaandikwi kwenye kumbukumbu.

Posho zinahitaji kusemwa bila aibu. Wajumbe hujitolea, wanachorudishiwa ni nauli, malazi na chakula. Viwango viandikwe kabla, viwe sawa kwa profesa na kwa muuguzi, na vilipwe kwa safari halisi. Posho ya kukaa ikilipwa kwa siku, vikao hurefuka.

Ushahidi

Kila namba inayoingia kwenye rasimu ibebe vitambulisho vinne: mahali, mwaka, imehesabiwa kati ya wangapi, na kwa kipimo gani. Isipokuwa navyo, isiingie. Chukua mfano wa kubuni: rejista ya maabara ya hospitali ya rufaa inaonyesha sampuli 60 kati ya 100 zina bakteria sugu. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba asilimia 60 ya maambukizi nchini ni sugu. Si kweli. Mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa aghalabu ameshapita duka la dawa mtaani, akapita na kituo cha afya. Waliopona kwa dawa ya kwanza walibaki nyumbani na hawamo kwenye rejista. Namba hiyo ni ya wale ambao dawa ilikwisha kuwashinda.

Taarifa zisizochapishwa, kama rejista za wilaya na ripoti za mashirika, zina thamani kubwa nchini kwetu na zisitupwe. Ziwekeni alama kwamba hazijahakikiwa, na mjumbe mmoja apewe kazi ya kuzifuata hadi chanzo. Ofisi ya umma ikikawia kutoa takwimu, iandikieni rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, ambayo inatoa siku 21 za kujibu. Wekeni muda huo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Kuandika pendekezo linaloweza kutekelezwa

Tofautisheni ngazi tatu. Matokeo ni kile ushahidi unachoonyesha. Hitimisho ni maana yake kwa maoni ya kamati. Pendekezo ni nani afanye nini. Kila pendekezo lishike hitimisho lake mkononi, na hitimisho lishike matokeo. Pendekezo likielea peke yake, ujue ni wazo la mtu mmoja lililopenya.

Soma hili: "Serikali iimarishe udhibiti wa uuzaji wa antibaiotiki." Hakuna atakayelipinga na hakuna atakayelitekeleza. Sasa soma hili: "Mamlaka ya Taifa ya Dawa, pamoja na maofisa wa afya wa wilaya, wakague kila duka la dawa mara mbili kwa mwaka, na kuanzia mwaka ujao wa fedha kila duka liwe na daftari la antibaiotiki zilizouzwa, likionyesha tarehe, dawa, kipimo na cheti cha daktari." Mkaguzi anajua atakachokiomba akiingia dukani. Hata hivyo, kabla ya kulipitisha, mchumi wa kamati apige hesabu ya wakaguzi, mafuta ya pikipiki na siku za kazi. Pendekezo linalohitaji wakaguzi wasiokuwepo liseme watatoka wapi, au lipunguzwe. Mapendekezo yakizidi saba au nane, ofisa atachagua yaliyo rahisi.

Lugha nayo hudai kazi yake. Neno "huenda" mmoja hulisoma kama "yaelekea sana", mwingine kama "pengine, nani ajuaye". Kubalianeni mapema ngazi tatu za uhakika, kwa mfano "ushahidi unatosha", "yaelekea", na "ushahidi bado ni mdogo", elezeni maana zake ukurasa wa kwanza, na msitumie nyingine. Muhtasari wa Kiswahili na wa Kiganda usiachwe hadi wiki ya mwisho. Neno "usugu" lenyewe hupotosha: mwananchi akisikia "usugu wa dawa" huelewa kwamba mwili wake umeizoea dawa, kwa hiyo abadilishe dawa au aongeze kipimo. Andikeni "bakteria wamekuwa sugu, dawa haiwaui tena", kila mara, hata kama sentensi inarefuka. Tafsiri isomwe na watu watano wasio wa fani, nao waeleze kwa maneno yao walichoelewa.

Makubaliano hayatafutwi kwa kura. Kura tisa kwa mbili humwambia msomaji kwamba wataalamu wawili wameona kitu, bila kumwambia ni nini. Jadilianeni hadi sentensi ipatikane ambayo wote wanaweza kuitetea. Isipopatikana, wanaopinga waandike maoni yao, kurasa zisizozidi mbili, yachapwe ndani ya ripoti hiyohiyo na majina yao. Kinachoua ripoti ni njia ya tatu: kuizimua sentensi mpaka isiseme kitu, ili kila mtu aende nyumbani.

Uhakiki

Rasimu iende kwa wahakiki sita hadi wanane wasiokuwa kwenye kamati, majina yao yasijulikane na kamati hadi ripoti itoke. Wapeni wiki tatu na nakala ya hadidu za rejea, kwa sababu swali lao la kwanza ni kama kamati imejibu ilichoulizwa. Maoni yote yawekwe kwenye jedwali la safu nne: namba, maoni, jibu la kamati, ukurasa uliobadilishwa. Kamati ina haki ya kukataa maoni. Haina haki ya kuyanyamazia.

Mtu mmoja wa nje, mwenye hadhi, asimamie jedwali hilo na kutia saini kwamba kila oni limejibiwa. Bila saini yake ripoti isitoke. Saini hii mara nyingi huonekana ya kupita kiasi, basi tazama yaliyoipata ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2007. Ilisema barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035. Tarehe hiyo haikuwa na msingi. Ilitoka kwenye taarifa isiyohakikiwa na wanasayansi. Kibaya zaidi, baadhi ya wahakiki walikuwa wameitilia shaka, na maoni yao hayakushughulikiwa ipasavyo. Mwaka 2010 baraza la pamoja la akademia za dunia liliombwa kuchunguza taratibu za jopo hilo, nalo likapendekeza wasimamizi wa uhakiki wapewe nguvu zaidi. Barafu za milima zinapungua kweli. Za Ruwenzori zetu zimepungua kiasi cha kuonekana kwa macho. Lakini kwa sentensi moja, ripoti ya maelfu ya kurasa ilishambuliwa yote.

Kuitoa kwa wakati

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Waraka wa mfumo wa bajeti hufika Bungeni ifikapo 31 Desemba, taarifa za sera za wizara ifikapo 15 Machi, na Bunge huidhinisha bajeti ifikapo 31 Mei. Ripoti inayozinduliwa Aprili, hata ikishangiliwa namna gani, imeukosa mwaka mzima. Lengeni Septemba au Oktoba, wizara zinapoanza kupanga. Kwa kazi ya miezi 14, maana yake hadidu za rejea ziwe zimesainiwa Julai au Agosti ya mwaka uliotangulia.

Tengenezeni muhtasari wa kurasa nne: swali, mapendekezo, gharama, nani afanye nini. Upelekeni kwa katibu mkuu wa wizara na kwa karani wa kamati husika ya Bunge, na mwombe miadi ya nusu saa na mtu anayeandika bajeti yenyewe, ambaye mara nyingi ni kamishna au msaidizi wake. Uzinduzi wenye hotuba ni mzuri kwa gazeti. Kikao cha nusu saa ndicho kinachoingiza mstari kwenye jedwali la fedha. Na muwe na subira. Akademia ya Uganda na washirika wake walitoa uchambuzi wa hali ya usugu wa antibaiotiki mwaka 2015, na mpango wa taifa kuhusu usugu ulianza kipindi chake mwaka 2018.

Baada ya miezi 6, 12 na 24, mtu mmoja wa sekretarieti apitie kila pendekezo na kuandika limefika wapi, kwa ushahidi: barua, waraka, mstari wa bajeti. Kosa likigundulika ndani ya ripoti, toeni karatasi ya marekebisho yenye tarehe, iliyobandikwa mbele ya nakala ya mtandaoni, ikionyesha sentensi ya zamani na mpya, na mwandikie kila ofisi iliyopewa nakala. Msibadilishe faili kimyakimya. Kuna ofisa huko Arua aliyeichapa ile ya kwanza, na bado anaitumia.